Mjadala: Qaani wa Shiraz, gwiji wa ushairi au chawa wa ikulu?

Wadau, kuna hoja kwamba Qaani asilaumiwe, maana mshairi wa ikulu kazi yake ni kusifu na ndiyo iliyomlisha. Mimi siikubali, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa mashairi yake.

Mirza Habibollah Qaani alizaliwa Shiraz mwaka 1808, akafia Tehran 1854. Alikuwa miongoni mwa washairi wa Uajemi walioukataa mtindo wa Kihindi uliojaa mafumbo, wakarudi kwa mabingwa wa kale kina Anvari na Saadi. Wapo wanaosema huo ulikuwa uigaji mtupu. Kwa Qaani wanamwonea. Sikilizeni anavyofungua maombolezo yake ya Karbala: "Kinanyesha nini? Damu. Kinachoinyesha? Jicho. Vipi? Usiku na mchana. Kwa nini? Kwa huzuni. Huzuni gani? Huzuni ya sultani wa Karbala." Sultani huyo ni Husein, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala. Ni kama mtu anayeuliza habari za msiba mlangoni, na kila jibu linamvuta hatua moja ndani. Mimi kila nikiusoma ubeti huo nasisimka mwili.

Sasa lawama. Haji Mirza Aqasi alipokuwa waziri mkuu, Qaani alimsifu. Mwaka 1848 Aqasi akaanguka, akaingia Amir Kabir, na Qaani akaimba: "be ja-ye zalemi shaqi, neshaste adeli taqi". Hata asiyejua Kiajemi anamsikia dhalimu humo, na mwadilifu aliyeketi mahali pake. Dhalimu huyo ni Aqasi yule yule wa jana! Amir Kabir, mwasisi wa chuo cha Dar ul-Funun, naye akaondolewa 1851, na Januari 1852 akauawa kwa kukatwa mishipa katika hamamu ya Fin, Kashan. Qaani akahamishia sifa zake kwa mrithi wa Amir Kabir, Mirza Aqa Khan Nuri.

Mnasema ni njaa. Njaa naielewa, na kumsifu aliyepo madarakani ulikuwa ujira wa kila mshairi wa ikulu zama zile. Lakini sifa peke yake zingetosha kumlisha. Kumwita dhalimu mtu aliyekwisha kuanguka, ambaye jana ulimpamba kwa kalamu hiyo hiyo, kulimwongezea tonge gani? Na huyu ndiye aliyejua kumlilia Husein, aliyekataa kumpa mtawala Yazid kiapo cha utii. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha dhalimu ni nani.

Anayemtetea anijibu hapo.