Magari ya Darasa la Tano: mengi hayaendi, na manne yametengenezwa na mafundi. Naombeni ushauri

Ticha_wa_Tano
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Sayansi Darasa la Tano, shule ya serikali huku Morogoro. Watoto 85 chumba kimoja. Tulipofika kwenye kani na mashine rahisi niliona ubao hautoshi, nikawaambia kila mmoja aje na gari alilobuni mwenyewe, litembee bila kusukumwa.

Ijumaa yakaja. Mengi ni ya boksi, matairi ya ndala zilizochakaa au vizibo vya chupa, yanaendeshwa kwa puto au rababendi. Zaidi ya nusu hayaendi. La puto linapiga kona linaingia chini ya dawati, la rababendi linazungusha matairi palepale. Halafu kuna manne ya mota na betri, yamepigwa rangi safi, na wenyewe hawajui hata waya umeingia wapi. Mtoto mmoja wa gari la ndala alipoyaona akalirudisha lake kwenye begi. Hapo roho iliniuma. Nifanyeje, na maksi nitoeje?

Spana_Kumi
Ticha, mimi fundi gereji. Usihangaike na injini kwanza. Egemeza ubao kwenye tofali, shusha kila gari bila puto wala rababendi. Likigoma kushuka au likienda upande, tatizo ni ekseli, ule mti unaoshika matairi mawili. Ekseli mbili zisipokuwa sambamba gari litapinda tu, hata liwe Scania. Spoku ya baiskeli ndani ya mrija wa soda inazunguka vizuri sana.

Tairi linalochechemea tundu lake haliko katikati. Chora tairi kwenye karatasi, kata duara, likunje nusu kwa nusu mara mbili. Mikunjo inapokatana ndipo utoboe. Msumari wa moto ushike wewe, usiwape watoto.

Mama Pacha
Hao wa mota wape sifuri, wazazi tukome. Na mimi nimo, mwaka jana nilimlipa fundi 😂

kijana_wa_Mbagala
Mama Pacha sifuri ya nini sasa? Kosa la mtoto liko wapi kama baba yake ana hela?

Bi_Mstaafu
Mwanangu, nimeshika chaki miaka 31. Kazi ya kubuni usiipeleke nyumbani, huko inafanywa na watu wazima. Ifanyike darasani, vikundi 17 vya watoto watano watano, vifaa vilevile kwa wote. Hao wa mota wayafungue mbele yako na kuyafunga upya, hapo watajifunza kitu.

Maksi usitoe kwa gari zuri wala kwa lililokwenda mbali. Kila kikundi kichore gari kabla ya kuunda, kilipime mara tatu, kibadilishe kitu KIMOJA tu, kipime tena, kisha kieleze kwa nini limeongeza au limepunguza. Wakibadilisha matairi na puto kwa pamoja hawatajua kilichosaidia ni kipi. Futi kamba huna? Piga mafundo kwenye kamba kila sentimita 10.

Spana_Kumi
Nilisahau la rababendi. Sakafu ya sementi inateleza, vika matairi ya nyuma vipande vya tyubu ya baiskeli. Waulize watoto kwa nini msuguano tunaukimbia kwenye ekseli halafu tunautafuta kwenye tairi. Wakijibu hilo, mada imeisha.

Na CD za zamani msitupe. Upana wake ni sentimita 12, mzunguko mmoja gari linasogea karibu 38. Kizibo cha sentimita 3 hakifikishi hata 10. Ila tairi kubwa ni zito kuanza, rababendi dhaifu italishindwa. Wajaribu waone.

Ticha_wa_Tano
Shikamoo Bi Mstaafu, asante sana. Fundi, asante nawe. Mrejesho: Jumanne tumepima. Kikundi cha yule wa begi kilianza na mita 1 na sentimita 40, walipovika tyubu likafika mita 3 na 10. Aliruka hadi akapiga kichwa kwenye dirisha, yuko salama. Mkuu wa shule alikuja kuuliza kelele za nini, akakaa mpaka kengele.

Wa mota nao wamefungua na kufunga. Moja limewaka, ila imebaki skrubu ambayo hawaijui inakaa wapi, na mimi siijui. Spana_Kumi, nikutumie picha?