Leza ya kutambua mafuta juu ya maji: jaribio la maabara, Dodoma

FizikiaDom:
Habari wakuu. Naandaa jaribio la wanafunzi hapa Dodoma: kutambua dizeli juu ya maji kwa leza, kama ndege za doria zinavyofanya baharini. Nina leza ya diodi ya nanomita 405, spektromita ndogo (kifaa cha kupima nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi) na beseni la plastiki la bluu. Kabla sijatia dizeli napata mwinuko mpana wa nanomita 430 hadi 550, na juu yake nundu nyembamba penye 470. Vinatoka wapi?

Mwanga_na_Maji:
Hiyo nundu ni mtawanyiko wa Raman wa maji yenyewe, yaani mwanga kidogo wa leza ambao maji huurudisha ukiwa na urefu wa wimbi mrefu zaidi. Usihangaike kuiondoa, ndiyo kipimo chako cha unene wa mafuta. Mwinuko mpana ni beseni: plastiki hung'aa ikipigwa na mwanga huo, na mabaki ya sabuni ya unga huzidisha, maana ina kemikali za kung'arisha nguo. Tafuta trei ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, uipime ikiwa tupu kwanza. Zima taa za tyubu, zebaki yake hutoa mistari penye 436 na 546. Na miwani ya leza kila mtu avae. Uso wa maji unarudisha mwale machoni.

FizikiaDom:
Asante mkuu. Dizeli nitie kiasi gani?

Utando:
Mililita 1 kwenye mita mraba 1 ni utando wa mikromita 1. Trei ya sentimita 50 kwa 40, basi, inataka mililita 0.2, sirinji ya insulini inatosha. Ukiona rangi za upinde wa mvua, uko kati ya mikromita 0.3 na 5. Ila kwa 405 dizeli safi hainyonyi mwanga sana, kwa hiyo Raman itashuka kidogo tu. Ndege hutumia 308 au 355, ambako mafuta hunyonya kwa nguvu. Kwa 308 Raman huangukia 344, mbali na mng'ao wa mafuta ghafi ulio karibu na 480, na hufifia kadiri utando unavyonenepa. Ukipita mikromita 10 hadi 20 imeshapotea, unene haupimiki tena kwa njia hiyo.

Mwanga_na_Maji:
Naongezea: chota ndoo ya maji ya Bwawa la Hombolo, uyapime bila mafuta. Mwani utatoa kilele penye 685, na uozo wa majani utatoa mng'ao mpana unaofanana na mafuta. Baharini kosa hilo hutokea vilevile, ndiyo maana mtu hasomi mwangaza peke yake, anasoma umbo zima la spektra pamoja na Raman.