Wahindi walikuwa wengi kuliko walowezi wa Kizungu, mbona viti vyao vilikuwa 5?

Ndugu wanajukwaa, sensa ya Kenya ya mwaka 1921 ilihesabu Wahindi zaidi ya 22,000 na Wazungu wasiofika 10,000, lakini Baraza la Kutunga Sheria likawapa Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa na Wahindi 5. Hesabu hii ilitetewa kwa hoja gani?

Jibu la 1
Haikutetewa kwa hesabu, ndugu. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliteuliwa barazani tangu mwaka 1909, akiwa Mhindi peke yake. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, yaani tamko la sera la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, ulitenga orodha za wapiga kura kwa rangi, ili wingi wa Wahindi usiwatishe walowezi. Nao Wahindi, waliodai orodha moja kwa wote, wakasusia viti hivyo kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yangu walisusia kwa haki, ingawa walijinyima sauti.

Jibu la 2
Tusiwasahau Waarabu wa pwani, waliopewa kiti kimoja cha kuchaguliwa. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote na ambao waraka huohuo ulitamka kwamba maslahi yao yatangulie, walisemewa na mmisionari Mzungu, hadi Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza barazani, alipoteuliwa mwaka 1944.

Muuliza swali
Ahsanteni. Kumbe maofisa wa serikali ndio waliokuwa wengi barazani?

Jibu la 1
Naam, na gavana alikuwa na kura ya turufu.