Tuongee Kiingereza tupu na watoto nyumbani? Mimi napinga, karibuni tujadili

Mleta mada, Nyakato

Wazazi wenzangu, nalileta hili kwa sababu limetugawa kikaoni. Uongozi wa shule ya ingilishi midiamu anakosoma binti yangu umetuomba tuongee na watoto Kiingereza tupu tukiwa nyumbani, la sivyo kazi ya walimu inapotea bure. Wengi waliunga mkono. Mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, akauliza: na sisi tusiokijua? Akajibiwa ajitahidi. Jibu hilo limenikaa rohoni.

Kiingereza chenyewe sikipingi, maana najua kinachomsubiri mtoto huko mbele. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, halafu mtoto akiingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari nazo zihamie Kiswahili, haikutekelezwa. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeshusha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza. Kwa hiyo mzazi anayesema "atakijua akifika sekondari" anamchelewesha mwanawe.

Ninachokataa ni kumfunga mtoto mdomo mbele ya mama yake.

Binti yangu yuko darasa la nne. Juzi alinisomea kwenye daftari maana ya uvukizi kwa Kiingereza safi, bila kukwama. Nikamuuliza kwa Kiswahili: dagaa wanaanikwa ufukweni asubuhi wakiwa wabichi, jioni wamekauka, yale maji yamekwenda wapi? Akasema yamezama mchangani. Na wale wa kwenye chanja, wasiogusa mchanga? Akanyamaza, akafikiri, akasema jua limeyachukua. Tukaendelea mpaka akajua kwa nini siku za mawingu wauza dagaa wanahangaika. Aliporudi kwenye daftari aliisoma ile sentensi na kunionyesha kwa kidole ni wapi panaposema maji yanapanda hewani. Tungekuwa na amri ya Kiingereza tupu, angekariri, mimi ningempongeza, basi.

Baba wa wawili, Buswelu

Ndugu, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Wewe mwanao yuko ingilishi midiamu, anakisikia Kiingereza kutwa nzima. Wa kwangu wako kayumba, shule ya msingi ya serikali. Kaka yao mkubwa alifika kidato cha kwanza akawa anatoka darasani hajui hata mwalimu ametoa kazi gani. Nilimwona akipoteza hamu ya shule mbele ya macho yangu, na alikuwa mtoto mwepesi kuelewa. Kiswahili wanakipata bure, stendi, sokoni, kanisani, kila mahali. Kiingereza Mwanza hii hukipati barabarani. Kwa hawa wadogo tumeamua chakula cha jioni ni Kiingereza, wote mezani. Changu ni cha kuungaunga, ila wamezoea kufungua kinywa bila aibu, na hilo ndilo lililomshinda kaka yao.

Mwalimu wa sekondari, Sengerema

Niongee kama mtu anayewapokea watoto hao. Wengine wanakuja wanaongea Kiingereza vizuri kabisa, salamu, hadithi, utani. Wape aya moja ya historia waeleze sababu ya tukio fulani, wanakwama. Wengine wanakuja na Kiingereza kidogo, lakini walizoeshwa kusoma vitabu vya Kiswahili na kueleza walichosoma. Mwanzoni wanateseka, kweli kabisa. Baadaye wengi wao wanakwenda vizuri, kwa sababu kupanga hoja walishajua.

Jim Cummins, mtafiti wa lugha na elimu wa Toronto, aliandika juu ya hili tangu miaka ya 1970: Kiingereza cha maongezi mtoto hukizoea mapema, mwaka mmoja au miwili, lakini kile cha kusomea masomo huchukua miaka mitano au zaidi. Aliwachunguza watoto wa wahamiaji Kanada, ambao nje ya nyumba wanaishi katika Kiingereza. Wetu wanahitaji subira zaidi ya hapo.

Kwa hiyo baba wa Buswelu, endelea na chakula cha jioni. Lakini ongeza kusoma. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania viko Maktaba Mtandao yao, unavisoma hata kwa simu. Mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, afunge, akueleze kwa Kiswahili au Kisukuma kilichomo. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kabisa kazi hii. Kazi yake ni kuuliza "kwa nini?" na "umejuaje?" mpaka maelezo yaeleweke. Mtoto akishindwa kueleza, mnajua wote wawili ni wapi pa kumuuliza mwalimu kesho yake.

Na ile tabia ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, naomba wazazi muikatae popote mtakapoikuta. Inamfundisha kunyamaza.

Mama wa Nansio, Ukerewe

Mama yangu anaongea Kikerewe, Kiswahili chake ni cha sokoni. Ndiye anayeshinda na wanangu mimi nikiwa kazini. Nikileta amri ya Kiingereza tupu, bibi atakuwa mgeni ndani ya nyumba anayolelea wajukuu. Siwezi.

Mleta mada, Nyakato

Kaka wa Buswelu, saa moja ya Kiingereza mezani siipingi, na hilo la aibu umelisema kweli. Wanao wana saa nyingine zote za kukuuliza maswali kwa lugha wanayoimudu. Kilichoombwa kikaoni kwetu ni kuzifuta saa hizo. Kikao kijacho nitaomba shule iache amri, badala yake mtoto arudi na ukurasa wa kumsomea mzazi. Yule mama wa Mwaloni ataweza kumsikiliza mwanawe akipanga dagaa wake.

Baba wa wawili, Buswelu

Mwalimu, hili la kusoma na kueleza nimelichukua, tunaanza nalo. Mama wa Nansio, bibi abaki na lugha yake, hapo sina ubishi. Lakini kwa mtoto wa kayumba bado nasimama nilipo. Darasa limejaa, zamu ya kusema sentensi moja ya Kiingereza inaweza isimfikie wiki nzima. Asipokitamka kwangu, atakitamkia wapi?