Kadi za maua ya karatasi kwa wanajeshi wastaafu, watoto waanzie wapi?

mama_wa_jumamosi

Wakuu habari zenu. Nina kikundi cha watoto tunakutana nao jumamosi, kuna wadogo wa miaka minne mpaka wakubwa wa kumi na moja hivi, wote chumba kimoja na meza hazitoshi. Tunataka kutengeneza kadi zenye maua ya karatasi tuwapelekee wanajeshi wastaafu wanaokaa kwenye makazi ya wazee, na nataka watoto wenyewe wakate wabandike waandike, sio kadi za dukani.

Sasa nikiangalia maelekezo mtandaoni naona mtu mzima anafanya kila kitu, mtoto anaitwa mwishoni kubandika kiduara cha njano halafu anapigwa picha. Hicho sikitaki. Pili sijui ua gani mdogo ataliweza na mkubwa asilione la kitoto. Tatu ndani tuandike nini? Kuna mmoja kaniuliza "tunamshukuru kwa nini wakati hatumjui" nikabaki namwangalia tu. Na lile ua jekundu la popi wanalovaa Waingereza mwezi wa 11, linafaa au lina maana nyingine? Nawasilisha.

fundi_karatasi

Dada usitafute ua moja la wote, tafuta ua lenye hatua zinazogawanyika, kila umri ushike hatua yake.

Kwa wadogo hakuna kama ua la tishu. Chukua zile karatasi laini za kufungia zawadi, hata serviet za rangi sawa tu, panga tano au sita juu ya nyingine, chora duara kwa kufuatisha mdomo wa kikombe, mkubwa akate zote kwa pamoja halafu mpige stepla moja katikati. Hapo ndo mdogo anaingia. Anainua safu ya juu anaikunyata kuelekea katikati, inakuja ya pili hivyo hivyo, mpaka ibaki ya mwisho chini imelala, hiyo haikunyatwi maana ndo inapakwa gundi. Akichana kidogo mwache, ua lina kingo gani zilizonyooka bwana. Pini ya stepla ifunike na kipande cha karatasi isije ikamchoma mzee wa watu.

Wakubwa wape waridi la kuviringisha, watatulia wenyewe. Duara la kama sm 10, chora mstari unaozunguka kutoka ukingoni mpaka katikati upana wa kidole, katikati bakiza kiduara kidogo. Wakate kwa kufuata mstari halafu waanze kuviringisha kutoka ile ncha ya NJE sio ya katikati, wakifika mwisho kile kiduara ndo kitako cha ua, kinapakwa gundi kinabanwa chini. Kabla ya kubana walegeze vidole kidogo waridi lifunguke lenyewe. Karatasi ya kawaida ya rangi inatosha, manila inagoma kuviringika inaishia kuvunjika mikunjo. Manila iwe ya kadi yenyewe, ukikunja A4 katikati unapata saizi nzuri kabisa.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, upande mmoja utasikia inakubali kirahisi na mwingine inakaza. Kunja ule inaokubali. Ukilazimisha mwingine mkunjo unapasuka pasuka na kadi haifungi vizuri. Ukishakunja pitisha mgongo wa kijiko mara moja, basi.

Gundi ya maji paka kwenye kadi, sio kwenye tishu, maana tishu nyekundu ikilowa inachuja rangi na kadi nyeupe inageuka ya pinki yote. Tone moja dogo kwa kijiti cha pamba ya masikio. Ukiwapa watoto chupa nzima ni shauri yako 😂

zuhura_k

Glita hapana. Nimemaliza.

nesi_wa_zamu

Hahaha Zuhura umeniwahi. Mimi nafanya kazi sehemu kama hiyo anayotaka kupeleka dada hapo juu, kwahiyo niongelee anayepokea. Glita inaingia kwenye shuka, kwenye kope, kwenye sahani, na wazee wengine ngozi zao nyepesi. Vikundi vingi vinavyokusanya kadi za wanajeshi vinaikataa moja kwa moja. Na msipulizie manukato, kuna mwenye shida ya kifua atashindwa kukaa na kadi chumbani.

Kadi zenu zitasimamishwa kwenye kimeza pembeni ya kitanda, kwahiyo ua zito likiwekwa juu kabisa kwa mbele kadi inaanguka kila feni ikiwashwa. Liwekeni chini kidogo ya katikati. Mwandiko uwe mkubwa, kalamu nzito nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Watoto wanapenda kuandika kwa njano na pinki, macho ya miaka themanini hayaioni njano. Bahasha msizibe, vidole vya wengine havifungui tena na sisi wahudumu huwa tunapitia kwanza. Mtoto aandike jina lake la kwanza na umri, sio jina la shule wala namba ya simu ya mama.

Kuhusu maneno. Huyo mtoto aliyeuliza kauliza swali la maana, usimzime. Mwambie jeshini sio kila mtu alishika bunduki, kulikuwa na wapishi, madereva, mafundi, manesi, watu wa redio za mawasiliano, na wote hao waliishi mbali na kwao kwa muda mrefu. Mtoto anajua kukosa nyumbani ni nini. "Asante kwa kukaa mbali na nyumbani" inamtosha hata wa miaka mitano. Mambo ya kuua maadui msiweke, hamjui mzee alipitia nini na wengine bado hawalali vizuri. "Pona haraka" nayo hapana, kustaafu sio ugonjwa.

Na kama mnaweza mwekeeni swali moja dogo. Tuna mzee hapa haongei sana, kadi moja ilimuuliza "viatu vyenu vilikuwa vizito?" basi jioni ile alitueleza namna ya kung'arisha buti mwanzo mpaka mwisho, kitambaa kinavyozungushwa kidoleni, rangi kidogo, tone la maji, unazunguka taratibu mpaka ncha ya buti uone sura yako. Mpaka chakula kilipoa.

msoma_historia

Natia neno kwenye popi. Vita ya Kwanza ya Dunia silaha zilinyamazishwa upande wa magharibi tarehe 11 Novemba 1918 saa 5 asubuhi, ndo asili ya hiyo siku wanayovalia popi. Mbegu za popi zinaweza kulala ardhini miaka mingi bila kuota, zinasubiri udongo uchimbuliwe zipate mwanga. Sasa mizinga ilivyochimbua mashamba ya Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa maua yakatoka kwa wingi palepale penye makaburi, ndo likawa ua la waliokufa. Mwaka 1921 Uingereza wakaanza kuliuza kuchangia wanajeshi waliorudi. Wafaransa wana lao la bluu linaitwa bleuet.

Marekani nako wana siku mbili watu wanazichanganya. Memorial Day, jumatatu ya mwisho ya mwezi wa 5, ni ya waliofia vitani na popi inaonekana zaidi siku hiyo. Veterans Day ya 11 Novemba ni ya wote waliotumikia jeshi, walio hai wakiwemo, na hilo jina limeanza 1954.

Kwa mtazamo wangu mtu aliye hai unamshukuru, humwombolezi. Popi ibaki kwenye kumbukumbu ya wafu, mzee mpelekee waridi au alizeti. Na krisanthemamu nyeupe muepuke, sehemu nyingi za Ulaya na Asia ya mashariki ni ua la msibani.

mjukuu_wa_sajenti

Mkuu hapo nakupinga kidogo. Babu yangu alikuwa hai na popi alivaa kila mwaka, kwake ilikuwa ya wenzake ambao hawakurudi, ungempa kadi yenye popi angeona umewakumbuka na wao. Kuna wazee wakishukuriwa wao tu wanaona aibu, wanakwambia mashujaa ni wale waliobaki huko. Sasa utamwambia hilo ua halimhusu?

msoma_historia

Sijasema halimhusu, nasema usimchagulie. Hoja yako naikubali lakini sio kila mzee ni babu yako.

nesi_wa_zamu

Mnabishana bure jamani, mama apige simu kwenye hayo makazi aulize. Sisi tukiulizwa tunajibu vizuri tu, nani anapenda nini na nani asipewe nini. Aulize pia idadi, maana hakuna kitu kibaya kama kadi kupungua mmoja akakosa na wenzake wamepata. Zije na za akiba.

mama_wa_jumamosi

Aisee asanteni sana, sikutegemea haya yote. Nimepiga simu, wamesema popi kuna wanaoitaka na kuna ambao hapana, wamenipa idadi. Kwahiyo waridi kwa wengi, popi chache zitakaa pembeni kwa watakaoziomba. Tishu kwa wadogo, kuviringisha kwa wakubwa, na kila mtoto atunge swali lake. Mmoja kashaandika "je ulikuwa unaruhusiwa kulala mchana" nimeliacha hivyo hivyo.

Swali la mwisho fundi, maua yamevimba hivi nasafirishaje yasibonyee?

fundi_karatasi

Usizilaze. Tafuta boksi la viatu, zipange zimesimama zimeangalia upande mmoja, kati ya kadi na kadi weka karatasi iliyokunyatwa kidogo ishikilie. Gundi iwe imekauka usiku mzima kwanza, ikiwa mbichi zitagandana. Kama zinaenda kwa posta basi acha maua ya kuvimba kabisa, kata petali bapa bandika safu mbili tatu tu, zinapita kwenye bahasha bila shida.

zuhura_k

Na mkasi wa ncha ya mviringo kwa wadogo. Glita bado hapana.