Kilimanjaro haikuwa zawadi ya Malkia: tuache kuificha serikali ya Lord Salisbury wa Uingereza

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Jana usiku mpwa wangu wa kidato cha tatu alinipa daftari lake la Historia nimsikilize, ana mtihani. Mwandiko safi, kalamu ya bluu, kanakili alichoandikiwa ubaoni: "Mkutano wa Berlin uliigawa Afrika Mashariki." Mstari wa chini yake: "Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari Wilhelm Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa." Pembeni kuna vema nyekundu ya mwalimu. Nikamuuliza waziri mkuu wa Uingereza alikuwa nani mpaka wa Kenya na Tanzania ulipochorwa. Akanijibu, "Mjomba, hilo halitoki kwenye mtihani."

Sikulala vizuri. Bibi yangu mzaa mama ni wa Vanga, babu ni wa Jasini. Ni mwendo wa miguu tu, watu wanaoana na kuzikana, lakini mmoja anazikwa Kenya na mwingine Tanzania. Halafu mtoto wa ukoo huohuo anafundishwa kwamba mstari uliopita katikati yao ni zawadi ya bibi kwa mjukuu!

Tuanze na hiyo zawadi. Mstari unaopinda kuuzunguka Kilimanjaro ulikubaliwa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Mwaka huo Wilhelm wa pili hakuwa Kaisari. Kaisari alikuwa babu yake, Wilhelm wa kwanza, aliyefariki Machi 1888, na huyu mjukuu akakaa kwenye kiti Juni mwaka huo. Watalii wanasimuliwa hadithi hii kila siku, na sisi wenyewe tunairudia kwa sababu ni tamu. Mlima uliangukia upande wa Wajerumani kwa sababu mtu wao, Jühlke, alipita Uchagani mwaka 1885 na kumwekesha saini Mangi Rindi wa Moshi, na kwa sababu Waingereza walikuwa wanaitaka Mombasa zaidi. Ni mapatano ya maofisi.

Na Berlin? Mkutano ulianza Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Walizungumza Kongo, Niger na masharti ya kukalia pwani. Hakuna mahali walipochora mstari kutoka mto Umba kwenda ziwa Jipe. Mstari huo ulitoka kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, London, na waliouchora wana majina. Ndicho kinachoniuma: tukisema "Berlin" au "wazungu" tu, hakuna mtu anayebaki na dhambi mkononi.

Majina ni haya. Waziri mkuu ni Robert Cecil, bwana mkubwa aliyeitwa Lord Salisbury, wa chama cha Conservative. Alishika serikali mara ya kwanza Juni 1885. Agosti mwaka uleule manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri la Sultani Barghash, Unguja, mizinga ikiwa imeelekezwa nchi kavu, kwa sababu alikuwa amepinga mikataba ya yule Mjerumani, Carl Peters, ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Barghash alikuwa na kila sababu ya kumtegemea Mwingereza. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha afunge soko la watumwa kwa kumtishia kuizingira Zanzibar, akafunga, na tangu hapo akawa anakwenda kwa ushauri wa balozi wao, John Kirk. Sasa Kirk akaagizwa na London amshauri akubali. Akakubali.

(Kabla sijaambiwa naonea chama kimoja: Gladstone, waziri mkuu wa Liberal aliyemtangulia Salisbury, na Granville, waziri wake wa mambo ya nje, walikuwa wameshawajulisha Wajerumani kwamba hawana kipingamizi. Wao pia si wasafi. Lakini waliotia saini ni hawa.)

Kisha ikaundwa tume ya kupima nchi ya Sultani inaishia wapi. Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwingereza alikuwa Kitchener, yule mwanajeshi aliyekuja kupata umaarufu huko Sudan. Mjumbe wa Sultani hakupewa kiti. Hebu fikiria unapimiwa kiwanja chako na majirani watatu na wewe umefungiwa nje ya geti.

Majibu yalitoka 1886, serikali ya pili ya Salisbury, waziri wa mambo ya nje akiwa Lord Iddesleigh. Kazi yenyewe ya kukaa mezani ilifanywa na Percy Anderson, mkuu wa idara ya Afrika pale wizarani, na Krauel kwa upande wa Wajerumani. Sultani akaachiwa visiwa, miji kadhaa ya Benadiri (pwani ya Somalia), na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara. Bara lote lililobaki likakatwa vipande viwili. Barghash alikubali Desemba kwa sababu hakuwa na la kufanya, akafariki Machi 1888. Iddesleigh naye alikata roho Januari 1887 palepale Downing Street, na Salisbury akaichukua wizara mwenyewe. Kuanzia hapo waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje ni mtu mmoja, kwa hiyo tusitafute mwingine wa kumbebesha.

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipoanza kushika forodha, Pangani iliwaka, na mwambao mzima ukafuata. Abushiri bin Salim aliongoza, Bwana Heri akasimama Saadani. Mnajua Salisbury alifanya nini? Kuanzia Desemba 1888 manowari za Uingereza zilizingira pwani pamoja na za Ujerumani, kwa maelezo kwamba wanazuia watumwa na silaha. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Vitabu vyetu vinaandika "Wajerumani walimnyonga", na ni kweli, lakini nani alilinda bahari ili wapiganaji wa Abushiri wasipate bunduki?

Sasa tufike 1890, na hapa naomba msome taratibu.

Mkataba wa Heligoland ulisainiwa Berlin tarehe 1 Julai 1890. Heligoland ni kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mbili za mraba, wakazi wake kama 2,000, na kilikuwa cha Waingereza. Salisbury alikitoa. Akapata Uganda iwe upande wake, akapata Witu (usultani mdogo karibu na Lamu), akapata himaya juu ya Unguja na Pemba. Mafia ikaenda kwa Wajerumani. Mwanafunzi wetu anakariri haya. Hafunguliwi vifungu viwili vinavyofuatana, cha 11 na cha 12.

Kifungu cha 11 kinasema Uingereza itatumia ushawishi wake wote ili Sultani awaachie Wajerumani kabisa mwambao wake wa upande wao, kwa malipo. Mtu anaahidi kumshinikiza mwenye mali auze, na wakati huohuo anajitangaza mlinzi wake!

Kifungu cha 12 ni cha watu wa Heligoland. Wamepewa hadi tarehe 1 Januari 1892 kuchagua kubaki raia wa Uingereza wakitaka. Waliozaliwa pale kabla ya saini hawatalazimishwa jeshi la Ujerumani. Sheria na mila zao zitaachwa kadiri inavyowezekana. Ushuru wao wa forodha hautapandishwa hadi 1910. Malkia Victoria mwenyewe alilalamika kwa Salisbury kwamba wenyeji hawakuulizwa, na Bungeni watu wakasimama kuwatetea.

Watu 2,000. Wavuvi. Nami siwaonei wivu, walistahili kuulizwa. Lakini kwenye mkataba huohuo, karatasi zilezile, Wadigo, Wasegeju, Wataveta, Wachagga, Wamaasai, Wakuria, Waluo wanatajwa wapi kwamba wachague? Mkataba unasema mpaka upite katikati ya nchi ya Taveta na ya Wachagga, upinde kaskazini mwa mlima, kisha uende moja kwa moja hadi Ziwa Victoria kwenye nyuzi moja kusini mwa Ikweta. "Moja kwa moja" hiyo ilipita juu ya maboma na malisho ya Wamaasai. Salisbury alijua. Mwaka huohuo, akihutubia London, alieleza kwamba wamekuwa wakigawiana milima, mito na maziwa, tatizo likiwa tu hawakujua hasa vilipo. Alisema mwenyewe, hadharani, na watu wakacheka.

Na pesa. Wajerumani walilipa marki milioni 4, yaani pauni 200,000, kwa ajili ya mwambao kuanzia Umba kushuka hadi Ruvuma. Hiyo ni mali ya Zanzibar. Mwaka 1895 kampuni ya Waingereza, ya Mackinnon, iliyopewa hati ya kifalme 1888 kutawala upande wa Mombasa, ilikuwa imeishiwa, ikalipwa pauni 250,000 iondoke. Pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye pesa ile ya Zanzibar! Kisha Desemba 1895, Salisbury akiwa amesharudi madarakani, ukanda wa Mombasa ukakodishwa kwa serikali ya Uingereza: pauni 11,000 kwa mwaka, na pauni 6,000 za riba ya ile pesa. Zanzibar ilitoa fedha yake kumwondoa mpangaji, halafu Mwingereza akaingia yeye kuwa mpangaji. Agosti 1896 akaipiga kasri ya Zanzibar kwa mizinga dakika 38, watu kama 500 wakauawa au kujeruhiwa, kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila idhini yao. Waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje siku hiyo? Yuleyule.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ananiuliza inasaidia nini kujua jina la waziri aliyekufa zamani. Inasaidia hivi: mpwa wangu leo anaamini ardhi ya babu zake ilitolewa kwa mapenzi ya bibi mmoja, kama keki. Nataka ajue kulikuwa na wizara, mawaziri, barua za Oktoba na Novemba, bei, na kifungu cha kuwalinda wavuvi wa Heligoland kilichoandikwa na watu walewale ambao hawakuwaandikia wavuvi wa Vanga chochote. Walijua namna ya kuandika kifungu kama hicho.

Jumatatu nakwenda kumwona mwalimu wake. Siendi kugombana, naye alifundishwa hivyohivyo. Nimekwishanakili vifungu vya 11 na 12 kwa Kiswahili, kwa mkono, kurasa mbili. Kama kuna mwalimu wa Historia humu anavitaka, aseme nivipige picha niweke hapa.