Kuwavuta bata kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa, Arkansas

Mgeni wa Stuttgart:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwenye shamba ninalofanyia kazi karibu na Stuttgart, Arkansas, Marekani, ameniruhusu kuwinda bata kwenye majaruba aliyokwisha kuvuna. Kila alfajiri bata wanapita juu bila kutua. Je, nikimwaga magunia mawili matatu ya mpunga watashuka?

Mzee wa Majaruba:
Ndugu yangu, usimwage hata kopo moja. Sheria ya shirikisho inakataza kuwinda bata mahali palipotiwa chambo cha nafaka, na hata ukiizoa yote, eneo hilo huhesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 baada ya hapo. Kujitetea kwamba hukujua nako hakusaidii sana, kwani tangu 1998 kinachoangaliwa ni kama ulijua au ulipaswa kujua.

Mpunga uliopukutika wakati wa kuvuna ni halali, na bata wanautaka huo huo. Kinachokosekana shambani kwako, nadhani, ni maji. Ziba matundu ya kutolea maji, kisha acha mvua au pampu ijaze jaruba hadi kina cha sentimita 15 hivi, kwa sababu bata hawa hawazamii, bali huinamisha kichwa na kubinua mkia juu, na maji yakiwa mengi midomo yao haifiki chini. Mabua yakiwa yamesongamana, pitisha rola ili maji yaonekane kutoka angani.

Binti Mpunga:
Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza tahadhari kuhusu rola: mashina yaliyochipua upya na kutoa masuke yenye punje ni mazao ambayo hayajavunwa, na ukiyalaza kwa rola utakuwa umetia chambo.

Kuhusu sanamu za bata za kuwavutia walio hai, ziache na uwazi mpana katikati, upande ambao upepo unaelekea, kwa kuwa bata hutua wakiukabili upepo. Filimbi ya kuigiza sauti ya bata ipulizwe kwa kiasi. Wengi huwafukuza bata kwa kelele. Muhimu zaidi, ondoka kabla ya adhuhuri, ili bata wapate kula kwa utulivu na kurudi kesho.

Mgeni wa Stuttgart:
Nawashukuru. Upande wa kusini mpunga umechipua na una masuke. Niuache?

Mzee wa Majaruba:
Marahaba, binti yangu. Mgeni, upande huo ujaze maji tu bila kulaza mmea; kujaza maji peke yake kunaruhusiwa. Tena nunua marisawa (punje ndogo za bunduki ya ndege) ya chuma, kwani yale ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa bata nchini kote tangu 1991.